Kaptula ya laki saba? Vifaa vya baiskeli, kuanzia vinavyostahili pesa yako hadi vya kuwaachia wenye nazo

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu ananitumia WhatsApp picha ya kaptula ya baiskeli. Safari hii ilikuwa nyeusi tii, ya kampuni ya London, na chini yake ujumbe: "Kaka, hii ni laki saba, niichukue?" Nikamuuliza, mdogo wangu, matairi yako yana umri gani? Akanyamaza siku nzima. Jioni akanitumia picha ya tairi la nyuma. Nyuzi zilikuwa zimeanza kuchungulia.

Swali lake lakini si la kipuuzi. Sisi tunaokutana Mwenge, Dar es Salaam, Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri, tuelekee Bunju na kisha Bagamoyo, tuko wa kila aina. Yupo mwenye baiskeli ya mtumba kutoka Japani na jezi ya Yanga mgongoni. Yupo ambaye mavazi yake peke yake yanazidi bei ya baiskeli ya jirani yake. Wote tunafika, ila wengine wanafika wakiwa na hamu ya chai na wengine wakiwa na hamu ya kukaa kwenye beseni la maji baridi. Tofauti hiyo kuna wakati inanunulika na kuna wakati hainunuliki.

Orodha hii nimeipanga kwa swali moja tu: ukiongeza pesa juu ya bei ya kawaida, unarudishiwa nini? Ndiyo maana helmeti, ambayo bila hiyo mimi sitoki getini, utaikuta katikati. Bei nimeziweka kwa dola kwa sababu vingi huagizwa nje. Dola moja nimeikadiria shilingi 2,500. Usafiri na ushuru ongeza mwenyewe.

1. Matairi: hapa fungua pochi

Mtu anayeendesha kwa kujifurahisha, kwa mwendo ambao bado anaweza kupiga soga, hutoa nguvu ya kama wati 150. Jozi ya matairi ya bei ya chini, yenye raba ngumu na nyuzi nene, inaweza kumla wati 15 hadi 20 zaidi ya jozi nzuri. Tairi hubonyea kila linapogusa lami, kisha hurudi. Katika kubonyea huko sehemu ya nguvu yako inageuka joto, na tairi baya hubonyea kwa kinyongo. Kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya jasho lako inaishia kupasha raba moto, kilomita hadi kilomita. Hakuna nguo itakayokurudishia kiasi hicho.

Tairi zuri la lami kama Continental Grand Prix 5000, linalotengenezwa Korbach kule Ujerumani, lina bei inayouma ukiilinganisha na yale yaliyoning'inia Kariakoo. Bado ndiyo pesa ya kwanza ningeitoa. Kama unaendesha kwenda kazini kwa Barabara ya Morogoro au Mandela, mwendo uache kwanza, tafuta tairi lisilochomeka kirahisi. Adui wa huko ni vile vinyaya vyembamba kama sindano vinavyomwagwa na matairi ya malori yanapopasuka. Kinyaya kinaingia taratibu, unafika nyumbani salama, asubuhi unakuta tairi limelala. Schwalbe Marathon Plus lina tabaka la raba la milimita 5 kwa ajili ya mambo hayo. Ni zito, halina haraka, na litakutoa kwenye foleni ya fundi pancha.

Upepo wenyewe karibu ni bure, na wengi tunaukosea. Fundi wa barabarani akishika kompresa anajaza mpaka tairi liwe jiwe, akidhani anakufanyia hisani. Kwa tairi la milimita 28 na mtu wa kilo 70, psi 70 hivi (ndicho kipimo cha upepo kwenye geji ya pampu) zinatosha. Zaidi ya hapo baiskeli inarukaruka kwenye lami yetu, mikono inakufa ganzi, na mwendo hauongezeki.

Mtaani kwetu hupita muuza madafu ambaye baiskeli yake ni kutu kuanzia usukani hadi stendi. Lakini tairi lake la nyuma ni jipya mwaka mzima, na tandiko kalifunga sponji la godoro kwa vipande vya tyubu. Siku moja nilimsifia lile tairi. "Bosi," akasema huku akichonga dafu langu, "hili likipasuka nabeba mzigo kichwani."

2. Kaptula yenye pedi: lipa, lakini usilipe laki saba

Safari ya nusu saa haikudai kaptula maalumu. Muda wa saa mbili kwenye tandiko ni habari nyingine, kwa sababu uzito wa kiwiliwili unakaa juu ya mifupa miwili midogo, na ngozi iliyo kati ya mfupa na tandiko inalowa jasho na kusuguliwa maelfu ya mara. Matokeo yake ni vipele vinavyokaribia kuwa majipu, mahali ambapo huwezi kumwonyesha mtu.

Dukani ipime hivi. Bana pedi kati ya dole gumba na kidole cha shahada, pale panapokaa mfupa. Pedi ya bei poa inakubali mara moja na vidole vinakutana. Pedi nzuri inabishana na wewe. Usidanganywe na unene: pedi nene na laini ni kama godoro la wageni, usiku unaingia kwa raha, alfajiri mbavu ziko kwenye chaga. Kisha geuza kaptula ndani nje uangalie mishono. Mshono uliotuna ukipita katikati ya paja na tandiko utakutana nao kilomita ya 40.

Za chini ya dola 20 nyingi zao ni vidole kukutana. Kuanzia dola 60 hadi 100 unapata karibu kila kitu mwili wako unachohitaji: sponji zito, kitambaa kinachobana bila kukaba, na mikanda ya mabegani inayozuia pedi isitembee. Hii mikanda inachekesha, mtu anaonekana kama mpiga mieleka, ila raha yake ni kwamba hakuna lastiki inayokata kitambi. Juu ya hapo, dola 250 na kuendelea, wako wenye majina: Rapha ya London, iliyoanza mwaka 2004, Assos ya Uswisi, Castelli ya Italia. Ninayo moja ya daraja hilo, nilijizawadia, na nakiri ni tamu. Lakini kwa bei yake ningepata tatu za kati, na kwa unyevu wa Dar kaptula tatu zinazopishana kwenye kamba zinaishinda moja ya kifalme ambayo Jumapili alfajiri haijakauka.

Mambo machache yasiyoandikwa kwenye lebo. Chupi haivaliwi ndani. Najua, lakini ndiyo hivyo, mshono wa chupi ndio unaochuna. Kaptula usiisuuze kwa ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi zinazonyonya jasho. Nyingi za Italia ni ndogo, chukua saizi moja juu. Akina dada, pedi yenu ina umbo lake, msikubali kuuziwa ya kiume eti ni sawa tu. Na kama kubanwa mbele za watu hakukupendezi, au dini na heshima ya nyumbani haviruhusu, vaa yenye pedi ndani na suruali pana au kaptula ya kawaida juu yake. Pedi haijali nani anaiona.

Za mtumba haziguswi. Jezi ya mtumba, sawa. Sponji lililokaliwa na Mdachi miaka mitatu limeshakufa, na si hilo tu.

3. Taa na vya kung'aa

Taa ya nyuma inayowaka mchana, ya kuchajiwa kwa waya wa simu na isiyoogopa mvua ya masika, inastahili kuongezewa pesa juu ya zile za elfu tano zinazozimika ukipita tuta. Huna haja ya ya kifahari inayozungumza na simu.

Halafu kuna kitu cha bei ya soda: mikanda inayong'aa ikimulikwa na taa za gari, ya kufunga kwenye vifundo vya miguu. Tafiti zilizofanywa Australia zimeonyesha kwamba usiku dereva humtambua mwendesha baiskeli mapema zaidi akiona vitu vinavyong'aa vikipanda na kushuka miguuni kuliko akiona fulana inayong'aa peke yake. Akili ya binadamu inajua mwendo wa miguu. Fulana tuli inaweza kuwa kibao cha barabarani.

4. Viatu na pedeli za kunasa

Pedeli zinazonasa kiatu zilianza kuuzwa na Look ya Ufaransa mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akizitumia. Tangu hapo tunaambiwa zinaongeza nguvu kwa kuwa unavuta pedeli kwenda juu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walipima hewa inayotumiwa na waendeshaji kwa mwendo wa wastani, wakiwa na raba za kukimbilia kwenye pedeli bapa na wakiwa na viatu vya kunasa. Hawakuona tofauti ya maana. Faida ipo unapochomoka kwa kasi, na mguu hautelezi mvua ikinyesha, basi.

Mimi siku yangu ya pili nazo niliangukia kwenye taa za barabarani za Morocco, hapa hapa Dar. Nyekundu iliwaka, nikasimama, mguu ukakataa kutoka, nikaegemea hewa taratibu kama mti uliokatwa. Kulikuwa na daladala ubavuni. Konda akachungulia mlangoni: "Bosi, kituo bado!"

Ukizitaka, chukua za aina ya baiskeli za milimani, ambazo chuma cha kunasia pedeli kimezama ndani ya soli ya kiatu, kwa sababu hapa kwetu tunashuka sana: kivuko cha Kigamboni, kuvuka barabara, kununua maji. Viatu vya soli ya kaboni vya dola 400 vinakufanya utembee kama bata kwenye vigae. Vya dola 80 hadi 120 vinatosha. Au baki na raba zako, sitakucheka.

5. Helmeti: lazima uwe nayo, si lazima iwe ghali

Ndani ya helmeti ya dola 50 na ya dola 300 kazi inafanywa na kitu kilekile, povu gumu jeupe linalopondeka badala ya fuvu lako. Chuo cha Virginia Tech cha Marekani kimekuwa kikizigonga maabara na kuchapisha alama za nyota tangu mwaka 2018, na miongoni mwa zilizopata nyota tano zimo za chini ya dola 100. Pesa inayozidi hapo unalipia matundu mengi ya hewa, wepesi wa gramu kadhaa, na umbo la kupasua upepo. Matundu kwa joto letu si haba, nakubali. Lakini ni starehe, haikulindi zaidi.

Unachopaswa kukitafuta ni stika ndani yake: EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani. Isiyo na stika ni kofia tu. Ivae iwe vidole viwili juu ya nyusi. Nyingi ninazoziona barabarani zimekaa kisogoni kama kibaraghashia cha mtu anayechelewa Ijumaa. Usinunue iliyotumika, maana povu likipasuka ndani huwezi kuliona kwa nje. Ukianguka nayo na ikagonga, mazishi yake ni siku hiyohiyo.

6. Jezi, miwani, glavu: Karume na duka la vifaa vya ujenzi

Jezi ya baiskeli ni poliesta yenye zipu kifuani na mifuko mitatu mgongoni. Jezi ya mpira nayo ni poliesta. Utakachokosa ni mifuko, na mifuko kweli ina raha: simu huku, ndizi huku, tyubu katikati. Pale soko la mitumba la Karume, belo la nguo za michezo likifunguliwa asubuhi, jezi za vilabu vya baiskeli vya Ubelgiji na Uholanzi huwa zimo, na wauzaji wengi hawajui ni za nini kwa kuwa nyuma ni ndefu kuliko mbele. Ivute kitambaa kwa mikono miwili karibu na sikio. Ikilia kama karatasi ya biskuti, au ukiona vinyuzi vyeupe vikichomoza, lastiki yake imekufa, irudishe kwenye rundo. Jaribu zipu mara tano, si mara moja.

Ile jezi ya dola 200 inayodai kupasua upepo ifanyie hesabu kabla ya kuifanyia mapenzi. Nguvu ya kupambana na upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kitambaa kinachomwokolea bingwa wati 8 akiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, wewe uliye kwenye 25 kitakuokolea wati 2. Kuinamisha viwiko kidogo ni bure, na kunaokoa zaidi ya hapo.

Miwani: nenda duka la vifaa vya ujenzi, ulizia miwani ya mafundi wa kuchomelea na kukata, ile ya plastiki ya polikaboneti isiyo na rangi au yenye giza kidogo. Polikaboneti yenyewe inazuia karibu mionzi yote mibaya ya jua, na kipande cha kokoto kilichorushwa na lori kitagonga hapo badala ya jicho. Oakley ni nzuri na inakupendeza. Lakini vumbi la Bunju halisomi jina.

Glavu nunua zozote. Kazi yake kubwa utaijua siku ukianguka, kwa maana binadamu huanguka akitanguliza viganja.

7. Kompyuta ya baiskeli na saa

Garmin Edge 1050 ilitoka mwaka 2024 kwa dola 700, yaani milioni moja na laki saba na nusu. Ina ramani, kioo cha rangi, hata kengele ya kielektroniki. Kengele ya chuma pia ipo.

Kwa wengi wetu simu yenye Strava, ile programu ya kurekodi safari, inatosha, tena iwe mfukoni mgongoni. Usiifunge kwenye usukani. Kioo kinachemka juani, betri inakwisha, na vibaka wa bodaboda wanaona umewawekea sahanini. Ukitaka namba za mwendo mbele ya macho, kuna vile vidude vidogo vya sumaku kwenye spoku, kama vya CatEye ya Japani, vinavyotumia betri ndogo ya saa mwaka na zaidi bila kuomba chaji wala nywila.

Kama una hela ya kifaa kimoja cha mazoezi, nunua mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo. Ni rahisi kuliko saa, na unapima kwa uhakika zaidi ya saa ya mkononi, hasa mkono unapotikiswa na barabara. Namba ya mapigo ndiyo itakayokuambia uko Tegeta umeshajimaliza na Bagamoyo bado.

8. Mita ya nguvu

Hii hupima wati unazozitoa kwenye pedeli. Mjerumani Ulrich Schoberer aliivumbua miaka ya 1980, na sasa zinazopima mguu mmoja tu zinaanzia kama dola 300. Inasema kweli tupu, haibembelezi. Kama una mashindano, una kocha au ratiba unayoifuata, inunue hata kabla ya viatu. Kama huna, utajua kwa wati kamili kwamba jana ulichoka.

9. Gramu na seramiki

Hapa ndipo pesa inapokwenda kufa. Wewe na baiskeli yako tufanye ni kilo 82. Ukipunguza kilo nzima kwa kununua magurudumu na nguzo ya tandiko za kaboni, kwenye mlima wa dakika 10, mfano ule wa kupanda kutoka Pugu, unaokoa kama sekunde 7. Kwenye tambarare ya Bagamoyo hata hizo hazipo. Kilo moja ni lita moja ya maji. Wengi tungeipata kiunoni. Wanaume walioshindana Kigali Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya barabarani ya kwanza kufanyika Afrika, walipanda zaidi ya mita 5,000 kwa siku moja. Wale gramu ni zao. Na hata wao kanuni inawakataza kutumia baiskeli ya chini ya kilo 6.8.

Kisha kuna zile roda kubwa za nyuma za kupitishia cheni, zenye gololi za seramiki, dola 500 na ushei, zinazoahidi wati mbili tatu. Wati hizo zimo kwenye cheni yako chafu. Ifute kwa kitambaa na mafuta ya taa, ikauke, weka tone moja la mafuta kwa kila pingili, kisha futa yanayozidi, maana yakibaki yananasa mchanga.

Ukiwa hapohapo chukua futi ya fundi, yenye inchi zinazopita 12. Weka sifuri katikati ya pini moja, uhesabu hadi inchi 12. Pini ikikaa sawasawa kwenye 12, cheni ni nzima. Ikiwa imeisogelea 12 na moja ya kumi na sita, nunua cheni mpya wiki hii. Ikifika 12 na moja ya nane umechelewa, fundi atakuuzia na gia za nyuma. Yule mdogo wangu wa kaptula nilimwambia apime. Alikuwa kwenye moja ya nane.